Kulinda mtandao wa kompyuta wa ofisi: mwongozo kamili kwa ofisi ya watu 20 hadi 60

Ingia katika ofisi nyingi za ukubwa wa kati, iwe SACCOS, shule, zahanati au shirika lisilo la kiserikali, utakuta mtandao umejengwa hivi: kisanduku cha mtoa huduma ya intaneti kiko ukutani, waya mmoja unatoka hapo kuingia kwenye swichi ya matundu 24, na kila kitu kimechomekwa humo. Kompyuta ya mhasibu, seva ya mafaili, printa, rekoda ya kamera, mashine ya mahudhurio ya alama za vidole, na Wai-Fai ambayo nywila yake imebandikwa mapokezi. Vyote vina anwani zinazoanza na 192.168.1. Simu ya mgeni anayesubiri kuonana na meneja inaweza kuigongea hodi seva ya mishahara, na kinachoizuia ni kwamba mwenye simu hajajaribu tu.

Mtandao wa namna hii tuuite mtandao wa chumba kimoja. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Kirusi kuingia kwenye kompyuta moja ni jambo la kutarajiwa. Kati ya watu 40, siku moja mmoja atafungua asichopaswa kufungua. Kinachoamua kama ofisi itafunga siku moja au mwezi mzima ni umbali ambao kirusi hicho kitasafiri. Tarehe 12 Mei 2017, WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, ilisambaa dunia nzima kwa kuruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia SMB toleo la kwanza, huduma kongwe ya Windows ya kushirikiana mafaili. Hakuna aliyehitaji kubonyeza kitu. Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, na bado hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Amri zilizomo ni za ruta za MikroTik zenye RouterOS 7 (programu inayoziendesha), kwa sababu ziko kwenye ofisi nyingi za ukanda wetu. Ukiwa na ruta nyingine, mantiki ni ileile. Kabla ya yote, pata ruhusa ya uongozi kwa maandishi, yenye tarehe na saini, hata kama wewe ndiye Afisa TEHAMA. Kupima mtandao bila idhini kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania, au sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kwa Kenya.

## Hatua ya 1: Jua kilichomo

Tenga nusu siku. Shika daftari, anzia kwenye swichi, fuata kila waya hadi unapoishia. Usimtegemee mtu akwambie, fuata waya. Andika kifaa ni kipi, kiko chumba gani, anwani yake ya IP na ya MAC (namba ya kudumu ya kifaa), toleo la programu yake, na nani anakisimamia. Ukimaliza, linganisha na mashine inavyoona, kwa nmap, programu ya bure ya kuorodhesha vifaa vilivyo mtandaoni:

`nmap -sn 192.168.1.0/24`

Idadi mbili hizo hazilingani karibu kila mara. Kwa kawaida kilichozidi ni kisanduku kidogo cha Wai-Fai ambacho mtumishi alikileta kutoka nyumbani kwa sababu mawimbi hayafiki chumbani kwake, au rekoda ya kamera ambayo fundi aliifunga akaondoka na nywila. Kila usichokijua, kichomoe usubiri nani atalalamika. Ndiyo njia ya haraka ya kumpata mwenyewe.

Kisha utazame mtandao kutoka nje. Chukua laptopu, iunganishe na bando la simu yako, halafu pima anwani ya nje ya ofisi:

`nmap -Pn -p- ANWANI_YA_NJE`

Kwanza angalia ruta yako imepewa anwani gani upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na utakachokipima kutoka nje ni mitambo yake, sio ofisi yako. Acha kipimo hicho. Ikiwa anwani ni yenu wenyewe, jibu zuri ni kutoona poti yoyote, yaani mlango wa huduma, iliyo wazi. Poti 3389 ikiwa wazi, mtu ameruhusu kompyuta kuendeshwa kutoka nje moja kwa moja, na hiyo ifungwe leo, sio wiki ijayo, kwa sababu kuna mashine zinazojaribu nywila kwenye poti hiyo usiku na mchana. Poti 23, 445, 8291 na zile za rekoda ya kamera zina hatari ya aina hiyohiyo. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na rekoda kwa orodha fupi tu ya majina na nywila za kiwandani, takribani 60.

## Hatua ya 2: Ruta

Ruta ndiyo lango, na ndiyo inayosahaulika kuliko vyote kwa sababu haina skrini ya kuikumbusha. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Weka nakala ya mpangilio uliopo kwa `/export file=kabla`, uihamishie kwenye kompyuta yako. Kisha pandisha toleo: `/system package update install`, na ruta ikishawaka upya, `/system routerboard upgrade` uizime na kuiwasha tena. Watu wengi husahau hiyo ya pili.

Badilisha jina na nywila ya msimamizi. Tengeneza mtumiaji mpya mwenye jina lisilobashirika, mpe kundi la `full`, ingia kwa jina hilo kuhakikisha linafanya kazi, ndipo uzime `admin`. Usizime kabla ya kujaribu. Na usipandishe toleo ukaacha nywila ya zamani. Mwaka 2018 kulipatikana tundu kwenye huduma ya Winbox, programu ya kuisimamia MikroTik, lililomwezesha mtu kusoma faili la majina na nywila bila kuingia. Kiraka kilitoka Aprili mwaka huohuo, lakini miezi baadaye zaidi ya ruta laki mbili zilikutwa zikitumika kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wezi. Walioweka kiraka bila kubadilisha nywila walifunga mlango huku mwizi ameshachonga ufunguo.

Zima huduma usizotumia:

`/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl`
`/ip service set winbox address=192.168.99.0/24`
`/ip service set ssh address=192.168.99.0/24`

Mistari miwili ya mwisho iandike baada ya kumaliza hatua ya 3, la sivyo utajifungia nje, maana mtandao wa 99 bado haujakuwepo.

Sasa fayawoli, yaani sheria za nani apite na nani azuiwe. Nayo inataja vyumba (vlan) na orodha zitakazoundwa hatua ya 3, kwa hiyo iandike baada ya hapo. Kabla ya kugusa sheria hata moja, bonyeza Safe Mode kwenye Winbox, au Ctrl+X ukiwa kwenye terminali. Ukikosea ukakatika, ruta itarudisha ilivyokuwa ndani ya dakika kumi hivi. Bila hiyo, kosa la herufi moja linakupandisha pikipiki hadi tawi la mbali kwenda kubonyeza kitufe cha riseti.

`/ip firewall filter`
`add chain=input connection-state=established,related,untracked action=accept`
`add chain=input connection-state=invalid action=drop`
`add chain=input protocol=icmp action=accept`
`add chain=input in-interface=vlan99 action=accept`
`add chain=input in-interface-list=WENYE-INTANETI protocol=udp dst-port=53,123 action=accept`
`add chain=input in-interface-list=WENYE-INTANETI protocol=tcp dst-port=53 action=accept`
`add chain=input in-interface=vlan40 protocol=udp dst-port=123 action=accept`
`add chain=input action=drop`

Sheria husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kulingana ndiyo inayotenda. Ile ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa: chochote ambacho hakikutajwa, hapana. Bila hiyo, ruta iliyoruhusiwa kujibu maswali ya DNS (kugeuza jina la tovuti kuwa anwani) huyajibu hata yale yanayotoka nje, na wahalifu huitumia kushambulia wengine. Dalili yake ni intaneti kuwa nzito saa zote huku hakuna mtu ofisini.

Mstari wa vlan40 unaziruhusu kamera kuuliza saa, basi, na saa hizo zitatoka kwenye ruta ukishaiwasha iwe seva ya NTP, huduma ya kugawa saa sahihi. Picha ya wizi yenye saa isiyo sahihi ina thamani ndogo sana polisi.

## Hatua ya 3: Gawanya mtandao vyumba

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako. Unahitaji swichi inayosimamika, yaani yenye ukurasa wa kuipanga. Ile ya kuchomeka tu haiwezi kazi hii. Kila chumba ni VLAN, yaani mtandao uliotengwa na mingine ndani ya swichi ileile. Vyumba sita vinatosha ofisi ya ukubwa huu:

VLAN 10, watumishi: 192.168.10.0/24
VLAN 20, seva: 192.168.1.0/24
VLAN 30, printa: 192.168.30.0/24
VLAN 40, kamera na mahudhurio: 192.168.40.0/24
VLAN 50, wageni na simu binafsi: 192.168.50.0/24
VLAN 99, usimamizi wa ruta, swichi na Wai-Fai: 192.168.99.0/24

Tazama seva: zimebaki kwenye anwani za zamani. Ni makusudi. Kompyuta za watumishi hupewa anwani na DHCP, huduma inayozigawa yenyewe, kwa hiyo zikihamishwa hazilalamiki. Seva ikihamishwa, programu ya uhasibu iliyohifadhi 192.168.1.10 ndani ya faili lake la mpangilio inakufa kwenye kompyuta zote kwa mpigo, Jumatatu asubuhi, mwisho wa mwezi. Hamisha watu, uache seva ilipo.

Hamia kwa awamu. Anza na kamera, kwa kuwa zikikatika saa moja hakuna anayeumia. Wiki inayofuata wageni, kisha printa, mwisho watumishi, Jumamosi mchana. Kwenye MikroTik panga kwanza poti zote, ndipo uwashe `vlan-filtering=yes` kama jambo la mwisho kabisa, na uache tundu moja la ruta nje ya daraja la VLAN likiwa na anwani yake. Tundu hilo ndilo litakalokuokoa.

Baada ya hapo, andika nani aruhusiwe kwenda wapi:

`add chain=forward connection-state=established,related,untracked action=accept`
`add chain=forward connection-state=invalid action=drop`
`add chain=forward in-interface-list=WENYE-INTANETI out-interface-list=WAN action=accept`
`add chain=forward in-interface=vlan10 dst-address=192.168.1.10 protocol=tcp dst-port=445 action=accept`
`add chain=forward in-interface=vlan10 out-interface=vlan30 protocol=tcp dst-port=9100,631 action=accept`
`add chain=forward in-interface=vlan99 action=accept`
`add chain=forward action=drop`

Orodha ya WAN iwe na tundu la ruta linalokwenda kwa mtoa huduma, na ya WENYE-INTANETI iwe na VLAN 10, 20 na 50. Kamera na printa hazimo. Hazina shughuli intaneti. Meneja akitaka kutazama kamera akiwa nyumbani, aingie kwa WireGuard, VPN (njia ya siri ya kuingia ofisini kupitia intaneti) iliyo ndani ya RouterOS 7 bila malipo, badala ya kuifungulia rekoda poti. Anwani yenu ya nje ikiwa ile ya kuanzia 100.64, WireGuard haitaingia moja kwa moja. Mwombe mtoa huduma anwani ya umma ya kudumu.

Yatakayoharibika siku ya kwanza yanajulikana. Kompyuta zitashindwa kufungua mafaili ya pamoja ijapokuwa sheria ya poti 445 ipo: fayawoli ya Windows kwenye kompyuta iliyofanywa seva huwaruhusu waliomo katika mtandao wake tu, na sasa watumishi wako mtandao mwingine. Fungua sheria za kushirikiana mafaili humo, ongeza 192.168.10.0/24. Printa nazo zitapotea kwenye orodha kwa sababu kompyuta zilikuwa zikizipata kwa kuita kwa sauti ndani ya chumba kimoja, na sauti hiyo haivuki ukuta. Zisajili upya kwa anwani ya IP.

VLAN haizilindi kompyuta za chumba kimoja zisishambuliane. Kirusi kilichoingia kwa karani wa VLAN 10 bado kinamwona mhasibu wa VLAN 10. Kwa hiyo kwenye kila kompyuta ya mtumishi funga maombi yanayoingia ya poti 445 na 3389 kwa fayawoli ya Windows, maana hakuna sababu ya kompyuta ya karani kuingia kwenye ya mhasibu. Na uondoe SMB toleo la kwanza kila mahali, kwa PowerShell ya msimamizi:

`Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol`

Mashine kongwe ya kuskani inayotuma kwenye folda huenda ikagoma, kwa sababu haijui lugha nyingine. Ipange iandike kwenye flashi. Usirudishe SMB1 kwa ajili ya skana.

## Hatua ya 4: Wai-Fai

Majina mawili yanatosha: la ofisi lifungwe kwenye VLAN 10, la wageni kwenye VLAN 50 likiwa na utengano wa wateja, ili simu moja isiione nyingine. Zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN. Tumia WPA2 yenye AES au WPA3. Simu za zamani zikishindwa WPA3, chagua hali ya mchanganyiko. Simu binafsi za watumishi zikae kwa wageni, na hili lisimamie kwa upole lakini usilegeze, maana mkurugenzi ndiye wa kwanza kuomba msamaha wa sheria.

Nywila moja ya Wai-Fai kwa watu 40 ina kasoro isiyoepukika: kila anayeacha kazi anaondoka nayo. Ama uibadilishe kila mtu anapoondoka, ama kila mtumishi aingie kwa jina na nywila yake kupitia RADIUS, huduma ya kuwathibitisha watumiaji. User Manager ya MikroTik inaifanya kazi hiyo bila kununua kitu.

## Hatua ya 5: Akaunti za watu

Anza na barua pepe, kwani anayeshika barua pepe ya mtu anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila kitu kingine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mtu, ukianzia kwa mhasibu, mkurugenzi na wasimamizi wa mfumo. Tumia programu ya kutoa namba kwenye simu au ufunguo wa USB, sio SMS. Huku kwetu wizi wa laini za simu kwa kuzisajili upya ni jambo linalojulikana. Laini ikihama, namba za SMS zinahama nayo.

Nywila iwe ndefu, herufi 14 kwenda juu, na isirudiwe mahali pengine. Maneno manne yasiyohusiana yanakumbukika kuliko alama za ajabuajabu. Usiwalazimishe watu kubadilisha kila mwezi. Utapata Januari2026 ikifuatiwa na Februari2026. Badilisha pale tu kuna dalili ya kuvuja. Nywila za pamoja, kama za benki au tovuti, ziwekwe kwenye programu ya kutunza nywila kama Bitwarden, na sio kwenye faili la Excel lililoitwa "password".

Mtumishi asitumie kompyuta kwa akaunti ya msimamizi. Hili likifanyika peke yake, programu hasidi nyingi zinakosa nguvu ya kujikita. Nywila ya msimamizi iwe tofauti kwa kila kompyuta. Kama zote zina moja, aliyeipata kwa karani ameipata kwa wote. Wenye Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti zote kutoka sehemu moja) watumie Windows LAPS, inayobadilisha nywila hizo yenyewe, imo ndani ya Windows tangu Aprili 2023.

Na anayeacha kazi: akaunti ifungwe siku hiyohiyo, kabla hajaagwa. Andika orodha ya anavyovishika (barua pepe, mfumo wa uhasibu, VPN, kundi la WhatsApp la kazi, akaunti ya malipo ya simu, ukurasa wa Facebook wa taasisi) ili usikumbuke nusu yake.

## Hatua ya 6: Masasisho na programu za kuchonga

Windows ijisasishe yenyewe. Kizuizi huwa ni bando, na kina dawa: kwenye mpangilio wa Windows Update ruhusu kompyuta zipeane masasisho ndani ya mtandao wa ofisi, ili faili lishuke mara moja badala ya mara 40. Huduma hiyo hutumia poti 7680, iruhusu kwenye fayawoli za kompyuta. Pangia ruta, swichi, rekoda na printa siku moja ya kila mwezi, kwa sababu hizo hazitajisasisha.

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) haipandi rasmi kwenda Windows 11. Iweke Linux kama kazi yake ni kivinjari na barua pepe, ilipie masasisho ya ziada, au ikate intaneti kabisa.

Programu zilizovunjwa leseni zinastahili kusemwa waziwazi. Ile programu ndogo ya kuwasha Windows au Office bila kulipa inakutaka kwanza uzime kinga ya virusi, kisha uiendeshe kama msimamizi. Umempa mgeni funguo zote kwa mkono wako. Familia ya virusi vya kufunga mafaili iitwayo STOP, au Djvu, ilienea hasa kwa njia hiyo. Kama bajeti haipo, LibreOffice ni bure na halali, na Defender iliyo ndani ya Windows ni kinga inayotosha ikiachwa iwake.

## Hatua ya 7: Barua pepe na malipo

Wizi mkubwa wa fedha maofisini hauhitaji kirusi. Mwizi anaingia kwenye barua pepe ya mtu mmoja, anakaa kimya akisoma wiki kadhaa, kisha siku ya ankara anatuma: "Tumebadilisha benki, lipeni kwenye akaunti hii." Lugha ni ileile, sahihi ni ileile, ankara ni ya kweli isipokuwa namba ya akaunti.

Kinga ya kwanza haina umeme: akaunti ya malipo haibadilishwi mpaka mtu apige simu kwa namba iliyokuwa kwenye jalada tangu zamani, sio iliyoandikwa kwenye barua hiyo, na mtu wa pili asaini. Kwa haraka yoyote ile, hata bosi akiwa uwanja wa ndege.

Kinga ya pili ni rekodi tatu za DNS za kikoa chenu: SPF (nani aruhusiwe kutuma kwa jina lenu), DKIM (saini ya barua) na DMARC (barua isiyopita ifanywe nini). Kwa Google Workspace, SPF ni `v=spf1 include:_spf.google.com ~all`. Iwe moja tu. Ofisi nyingi huongeza ya pili wanapoanza kutumia mfumo mwingine wa kutuma barua, na mbili zinaharibu zote. DMARC anza na `p=none` ukusanye ripoti wiki nne, urekebishe vinavyotuma halali, ndipo uende `p=quarantine` na baadaye `p=reject`. Ukiruka moja kwa moja hadi `reject`, risiti za mfumo wako zitapotea hewani.

Akaunti ikishaibwa, kubadilisha nywila peke yake hakumtoi mwizi. Katisha vipindi vyote vilivyo wazi, futa simu na njia za uthibitisho alizoongeza, ondoa programu alizoziunganisha, na ufungue sheria za kisanduku cha barua. Hapo ndipo huwa amejificha: sheria inayohamisha kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" kwenda folda isiyotazamwa, au kuzituma kwake.

## Hatua ya 8: Bakapu

Tarehe 27 Juni 2017, NotPetya, kirusi cha kuharibu mafaili, iliikumba kampuni ya meli ya Maersk. Seva zao za kuthibitisha watumiaji, zipatazo 150, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zilifutika pamoja. Iliyobaki ilikuwa moja, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika hapo kabla shambulio halijafika. Data yake ilibebwa kwa mkono hadi Nigeria, kisha kwa ndege hadi Uingereza. Mitambo inayonakiliana ni kinga ya kuharibika kwa diski. Bakapu ni ile ambayo wakati wa shambulio haijachomekwa.

Nakala tatu za data, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi hii: nakala ya kila usiku kwenye NAS (kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao), diski mbili za nje za 2 TB zinazopokezana kila Ijumaa (iliyotoka inafungiwa kabatini mahali pengine), na nakala mtandaoni yenye matoleo yasiyofutika. NAS ndiyo iende kuchukua kutoka kwenye seva. Seva isiwe na nywila ya NAS, kwa kuwa kirusi kilichoiteka seva kingeitumia. Diski zifungwe kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, na ufunguo wake uwe umechapwa kwenye karatasi.

Piga hesabu kabla ya kuahidi. GB 200 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10 ni saa 45 bila kukatika. Anza Ijumaa jioni. Baada ya hapo yanapanda mabadiliko tu.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kunakili faili la kanzidata huku mfumo wa uhasibu umefunguliwa. Nakala inapatikana, ukubwa wake ni sahihi, lakini haifunguki. Tumia amri ya bakapu ya kanzidata yenyewe. Kila miezi mitatu rudisha nakala kwenye kompyuta nyingine, mwite mhasibu aifungue, atafute muamala wa jana, na uandike imechukua saa ngapi.

Ruta nayo hutunza kumbukumbu zake kwenye memori, zikipotea kila umeme unapokatika. Zielekeze kwenye seva:

`/system logging action set remote remote=192.168.1.10`
`/system logging add topics=info action=remote`

Seva hiyo iwe na programu ya kupokea syslog (kumbukumbu hizo), na saa zote zilingane.

## Saa ya kwanza ya shambulio

Mafaili yameanza kubadilika majina, au ujumbe wa kudai pesa umetokea. Chomoa diski ya bakapu kwanza. Kisha chomoa waya wa mtandao wa kompyuta iliyoathirika na uzime Wai-Fai yake, lakini usizime umeme. Kwenye memori yake huenda kuna ushahidi au hata ufunguo. Piga picha skrini kwa simu. Zima upande wa nje wa ruta.

Usiingie kwenye kompyuta hiyo kwa akaunti ya msimamizi mkuu ili "kuangalia". Hilo ndilo jambo ambalo kirusi kinalisubiri. Wasilianeni kwa simu, sio kwa barua pepe ya ofisi ambayo huenda inasomwa.

Jaribu kuitambua aina yake kwenye tovuti ya No More Ransom, mradi uliozinduliwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama; ina funguo za bure za baadhi ya virusi hivi. Toa taarifa polisi na kwa kikosi cha taifa cha matukio ya mtandao: TZ-CERT kwa Tanzania, au KE-CIRT/CC kwa Kenya. Taarifa za watu zikiwa zimevuja na kuna hatari ya kuwadhuru, sheria ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Kompyuta zilizoathirika zisisafishwe. Zifutwe, zisimikwe upya, nywila zote zibadilishwe kutoka kwenye mashine safi, ndipo data irudishwe.

Haya yote pamoja na namba za simu za mtoa huduma, mkurugenzi, mwanasheria na benki yachape kwenye karatasi moja, uiweke ndani ya mlango wa kabati la swichi. Ukiyahifadhi kwenye seva, siku hiyo nayo yatakuwa yamefungwa.